Injini ina nyaraka, bodi haina: Fahamu kuhusu vyombo vya moto vinavyoundwa na mafundi wa mtaani Kigoma Ujiji

Kigoma. Chombo cha moto kinachoundwa katika karakana ya mtaani huwa na sehemu mbili zenye asili tofauti. Injini hutoka kiwandani ikiwa na namba yake, risiti ya ununuzi na kitabu cha maelekezo, na nguvu zake zimekwishapimwa na mtengenezaji. Fremu au bodi inayoibeba hutoka mikononi mwa fundi mchomeleaji au seremala, haina namba, na mara nyingi haina hata mchoro. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayokaliwa na abiria, na ndiyo ambayo sheria za usafiri, wa nchi kavu na wa majini, hutaka ithibitishwe kabla chombo hakijaanza kufanya kazi kwa umma.

Katika Manispaa ya Kigoma Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika suala hili lina sura mbili. Nchi kavu, kama ilivyo katika miji mingine ya Tanzania, yapo magurudumu matatu ya kubebea mizigo yaliyoungwa kutokana na pikipiki, maarufu kwa jina la maguta. Majini zipo boti za mbao zenye injini za kupachika nyuma, ambazo kwa wakazi wa vijiji vya kaskazini mwa mji ndizo daladala zao. Makala haya yanaeleza jinsi vyombo hivyo vinavyoundwa, hatari zake zinatokana na nini, mamlaka zipi zinahusika, na mahali ambapo fundi au mmiliki anaweza kuanzia ili kazi ya mikono yake itambuliwe kisheria.

Mji uliozoea kuunda vyombo

Uundaji wa vyombo katika eneo hili ni wa siku nyingi. Ujiji ilikuwa bandari ya misafara kabla Kigoma haijawa mji. Richard Burton na John Speke walipofika mwaka 1858 walilitembelea ziwa kwa mitumbwi ya wenyeji, na hata Stanley na Livingstone, baada ya kukutana Ujiji mwaka 1871, walisafiri kwa mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya ziwa. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, mji huo ukawa mwisho wa reli na mwanzo wa safari za majini.

Chombo maarufu kuliko vyote kilichounganishwa katika mji huo ni meli inayojulikana leo kama MV Liemba. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kufungashwa katika masanduku, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kutoka hapo kwa reli. Iliunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari chini ya Waingereza kwa jina la Liemba. Jambo la kuzingatia katika historia hiyo ni kwamba kiwanda kilituma mafundi wake kusimamia kazi. Umbo la meli hiyo, uzito wake na uwezo wake vilikuwa vimeandikwa mahali. Boti ya mbao inayoundwa ufukoni leo haina kumbukumbu ya namna hiyo.

Boti za mbao za mwambao

Kibirizi, mwalo ulio kaskazini mwa mji wa Kigoma, ndiko zinakoanzia safari za boti za kwenda Mtanga, Mwamgongo na hadi Kagunga, kijiji kilicho mpakani na Burundi. Milima inayoshuka hadi ukingoni mwa maji imelifanya ziwa kuwa barabara ya vijiji hivyo kwa vizazi vingi. Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyoanzishwa mwaka 1968 na inayofahamika duniani kwa utafiti wa sokwe ulioanzishwa na Jane Goodall mwaka 1960, nayo hufikiwa kwa maji. Mama mjamzito anayehitaji huduma za hospitali ya mjini, mwanafunzi anayerudi shuleni, mfanyabiashara wa dagaa na mwenye magunia ya muhogo hukaa katika chombo kimoja.

Umuhimu wa boti hizo ulionekana wazi mwaka 2015, wakati wakimbizi kutoka Burundi walipokusanyika kwa maelfu katika kijiji cha Kagunga. MV Liemba ilifanya safari mfululizo kuwapeleka Kigoma mjini, lakini meli hiyo ilitia nanga mbali na ufuko, hivyo watu walifikishwa melini kwa boti ndogo za mbao.

Ujiji ni miongoni mwa maeneo ya mwambao ambako boti hizo huundwa hadi leo. Fundi huanza na mkuku, ubao mnene wa chini unaotoka omo hadi tezi. Juu ya mkuku husimamishwa mataruma, yaani mbavu za chombo, kisha mataruma hufunikwa kwa mbao zinazopigwa misumari moja baada ya nyingine. Nafasi iliyobaki kati ya ubao na ubao huzibwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta, kazi inayoitwa kalafati. Mbao ngumu kama mninga na mvule hupendelewa kwa kuwa huchelewa kuoza. Vifaa ni msumeno, tezo, randa, keekee na nyundo, na vipimo viko kichwani mwa fundi, ambaye aliviona kwa aliyemfundisha.

Ujuzi huo haupaswi kubezwa. Umbo la mitumbwi ya Tanganyika ni matokeo ya majaribio ya vizazi vingi katika ziwa lenye urefu wa takriban kilomita 670 na kina kinachofikia mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Tatizo huanza pale umbo lililobuniwa kwa ajili ya kasia au tanga linapopachikwa injini bila kubadilishwa.

Injini ya kupachika ya nguvu farasi 40 ina uzito wa kilo 70 na zaidi, na uzito huo wote huning'inia tezini. Nyuma ya boti huzama zaidi, omo huinuka, na mgawanyo wa mizigo aliouzoea fundi hauwi tena ule ule. Msukumo wa injini nao hupokelewa na ubao mmoja wa nyuma, ambao katika mtumbwi wa kasia haukuwa na kazi kubwa. Mtikisiko wa saa nyingi hulegeza misumari na kuilainisha kalafati, na maji huanza kuingia taratibu mahali pasipoonekana kwa kuwa pamefunikwa na mizigo. Ndiyo sababu fundi mzoefu huongeza mataruma na kuimarisha ubao wa nyuma anapojua kuwa chombo kitawekwa injini. Mnunuzi anayetafuta bei ya chini huikwepa gharama hiyo, kwa kuwa boti ikishapakwa rangi tofauti haionekani.

Petroli ni hatari nyingine. Husafirishwa katika madumu yaliyo karibu na miguu ya abiria, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya chini ya boti. Sigara moja au cheche ya betri inatosha kuuwasha. Injini nyingi za kupachika huja na kamba fupi ya usalama ambayo mwendeshaji hujifunga mkononi. Akianguka majini, kamba huchomoka na injini huzimika. Kamba hiyo hupotea mapema kuliko kifaa kingine chochote, na nafasi yake huchukuliwa na kipande cha waya au uzi uliofungwa moja kwa moja kwenye swichi. Injini iliyofungwa hivyo itaendelea kuisukuma boti hata kama hakuna mtu aliyeishika.

Hesabu ya uzito

Swali linaloulizwa zaidi na wamiliki ni idadi ya watu ambao boti inaweza kubeba. Jibu halitokani na idadi ya mbao za kukalia. Abiria 20 wenye wastani wa kilo 75 kila mmoja wana uzito wa tani 1.5. Boti ambayo eneo lake linalogusana na uso wa maji ni mita za mraba 15 itazama kwa sentimita 10 zaidi itakapowapokea. Wakiongezwa wengine 20, itazama sentimita nyingine 10. Kama ukingo wa boti tupu ulikuwa sentimita 45 juu ya maji, sasa umebaki sentimita 25, kabla ya kuhesabu magunia, madumu ya mafuta na injini yenyewe. Wimbi la nusu mita, ambalo katika ziwa hilo ni la kawaida, halihitaji dhoruba ili kuingia ndani.

Mahali uzito unapowekwa nako kuna maana kubwa. Gunia lililo chini huituliza boti, na abiria aliyekaa juu ya magunia matatu huitikisa. Watu wote wanapohamia upande mmoja kwa wakati mmoja, iwe ni kwa kukwepa mvua, kumtazama mtu aliyeanguka majini au kuwahi kushuka, chombo ambacho kilikuwa salama dakika moja iliyopita kinaweza kupinduka.

Nchi imeshalipa gharama kubwa kwa kupuuza hesabu hii. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka Ziwa Victoria karibu na Kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Hicho kilikuwa kivuko cha chuma ambacho uwezo wake uliandikwa. Boti ya mbao isiyopimwa haina hata idadi ya kuvunja.

Majira nayo yahesabiwe. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo mkali wa kusini mashariki huvuma juu ya Ziwa Tanganyika, na mawimbi huwa makubwa kuliko miezi mingine. Mwaka 2024 Serikali, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa, ilisitisha shughuli za uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Kipindi hicho kiliangukia katikati ya majira ya upepo. Mmiliki ambaye boti yake ya uvuvi imefungwa ufukoni anaweza kushawishika kuipakia abiria ili ipate riziki, lakini chombo kilichosajiliwa kwa uvuvi si chombo cha abiria, na wakati huo ndio mbaya zaidi wa kulijaribu jambo hilo.

Maguta na magari ya kuungwa

Barabarani hadithi inafanana. Guta la awali lilikuwa baiskeli ya magurudumu matatu iliyobeba mizigo kwa nguvu za miguu. Pikipiki zilipopungua bei, mafundi walianza kuondoa gurudumu la nyuma la pikipiki na kuunga mahali pake ekseli yenye magurudumu mawili na sanduku la mizigo. Baadaye yakaja magurudumu matatu ya mizigo yaliyotengenezwa kiwandani, ambayo wengi huyaita Toyo kwa jina la moja ya chapa zake, lakini uundaji wa mtaani haukukoma kwa sababu pikipiki chakavu ni rahisi kupatikana na kazi ya kuchomelea ni ya siku chache. Pawatila nazo zilipitia njia hiyo: baada ya kaulimbiu ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009 na matrekta hayo madogo ya mkono kusambazwa vijijini, mengi yalifungwa tela na kugeuzwa vyombo vya kubebea mizigo na watu.

Udhaifu wa guta la kuungwa uko mahali patatu. Kwanza ni breki. Pikipiki ilitengenezwa kusimamisha watu wawili; sasa inatakiwa kusimamisha nusu tani ya saruji. Uzito ukiongezeka mara mbili, nishati ya kuzuiwa huongezeka mara mbili, na mwendo ukiongezeka mara mbili nishati hiyo huongezeka mara nne. Katika mji ulio mteremkoni kama Kigoma, ambako barabara hushuka kutoka Mwanga kuelekea stesheni na ziwani, hesabu hiyo haihitaji maabara. Pili ni kona: ekseli isiyo na difu hulazimisha magurudumu yote mawili kuzunguka kwa kasi moja, na chombo cha magurudumu matatu chenye mzigo mrefu hupinduka mapema kuliko cha magurudumu manne. Tatu ni maungio. Chuma kilichochomelewa vibaya hukatika pembeni mwa weldi, na hukatika ghafla.

Hata hivyo, si kila kilichoundwa nyumbani ni hatari, wala nchi haijawahi kuukataa ubunifu wa namna hiyo. Shirika la Nyumbu, lililoko Kibaha mkoani Pwani, limekuwa likibuni magari tangu karne iliyopita. Machi 2022 mchora katuni Masoud Kipanya alizindua jijini Dar es Salaam gari dogo la umeme alilolibuni na kuliunda nchini, na mjadala uliofuata ulithibitisha kuwa Watanzania wanafurahia kuona kazi ya wenzao ikitembea. Kwa watu wenye ulemavu, gurudumu tatu lililorekebishwa ili gia na breki vitumike kwa mikono ndilo linalotofautisha siku ya kazi na siku ya kukaa nyumbani. Fundi anayefanya marekebisho hayo vizuri anatoa huduma ambayo viwanda vingi havijishughulishi nayo.

Mamlaka zinazohusika

Hadi miaka michache iliyopita usafiri wa nchi kavu na wa majini ulidhibitiwa na mamlaka moja, SUMATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Majukumu yake sasa yamegawanywa. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017, linasimamia usalama wa vyombo vya majini, yaani kuvisajili, kuvikagua na kuvipa vyeti. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019, inadhibiti usafiri wa kibiashara wa nchi kavu.

Kwa boti, ukaguzi huangalia uimara wa bodi, injini, vifaa vya kujiokolea na vya kuzimia moto, na ndio unaoamua idadi ya abiria na kiasi cha mizigo. Cheti kina muda wake, na muda ukiisha chombo hukaguliwa upya, kwa kuwa mbao huoza na misumari hushika kutu. Vyombo vya uvuvi husajiliwa na kupewa leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na usajili huo hautoi ruhusa ya kusafirisha abiria.

Kwa vyombo vya barabarani, usajili hufanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, na pikipiki na bajaji hupewa namba zinazoanza na herufi MC. Ubora wa chombo barabarani hukaguliwa na Jeshi la Polisi kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Mwendesha magurudumu matatu anahitaji leseni ya daraja A2, ambayo ni tofauti na ile ya pikipiki ya kawaida. Usafiri wa kukodi kwa pikipiki na bajaji una kanuni zake za mwaka 2010. Pikipiki iliyosajiliwa kama pikipiki na baadaye kugeuzwa guta haiendelei kuwa chombo kile kile kwa sababu tu namba imebaki. Kadi inaeleza chombo ambacho hakipo tena.

Kasoro hiyo ya kadi ina matokeo ambayo wamiliki wengi huyagundua wakiwa wamechelewa. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto inamtaka kila mwenye chombo kinachotumia barabara kuwa na bima inayofidia watu wengine watakaoumia. Kampuni ya bima humlipia mteja kulingana na chombo kilichoelezwa katika nyaraka. Chombo kisichosajiliwa hakikatiwi bima, na chombo kilichogeuzwa bila kutoa taarifa humpa mwenye bima sababu ya kukataa kulipa. Kijana anayegongwa na guta la aina hiyo akipoteza mguu, gharama za matibabu na za maisha yake yote hubaki kwa familia yake na kwa mmiliki wa guta, ambaye kwa kawaida naye hana kitu. Kwa abiria wa boti isiyo na cheti hali ni hiyo hiyo, pamoja na ugumu wa ziada kwamba huenda hata orodha ya waliokuwamo haipo.

Fundi aanzie wapi

Fundi anayetaka kuunda zaidi ya chombo kimoja hunufaika akianza kutafuta ushauri kabla ya kuchomelea, si baada ya kukamatwa. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, lina ofisi mkoani Kigoma, na kwa miaka mingi limesaidia mafundi wa mkoa huo katika mashine za kukamua mawese. Ujuzi wa kupima, kuchora na kuchomelea unaohitajika katika mashine hizo ndio unaohitajika katika fremu ya guta. VETA nayo ina chuo mkoani humo, na fundi aliyejifunza kazi mtaani anaweza kupimwa na kupewa cheti cha ujuzi alionao bila kurudi darasani kwa miaka mingi.

Mwenye ubunifu mpya anaweza kushiriki Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019, ambayo huibua wabunifu wakiwamo wasio na elimu rasmi ya ufundi, na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, huwasaidia wanaochaguliwa kuendeleza kazi zao. Ulinzi wa ubunifu kwa hataza hutolewa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA. Ni vyema maombi yakatangulia maonesho, kwa sababu jambo lililokwishaoneshwa hadharani huweza kukosa sifa ya kuwa jipya.

Kuhusu mtaji, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu, ikarejeshwa mwaka 2024, na Manispaa ya Kigoma Ujiji ilitajwa miongoni mwa halmashauri 10 za mfano ambako mikopo ingetolewa kupitia benki. Kikundi cha mafundi kinachoomba mkopo wa mashine ya kuchomelea au wa vifaa vya kuundia boti kina hoja nzuri zaidi kikiwa na mchoro wa chombo na barua ya ukaguzi kuliko kikiwa na picha ya simu. Kwa upande wa wavuvi, Serikali imekuwa ikikopesha boti za kisasa bila riba, na ugawaji wake ulizinduliwa jijini Mwanza mwanzoni mwa mwaka 2024. Boti hizo hazitamaliza kazi ya mafundi wa mbao kwa haraka, kwa kuwa bei ya mbao na ujuzi wa kuzitengeneza viko karibu na mwananchi.

Mchoro usiwatishe mafundi wasiozoea kalamu. Karatasi moja yenye urefu, upana na kimo cha chombo, unene wa chuma au wa mbao, umbali kati ya taruma na taruma, mahali injini ilipo na namba yake, inatosha kuanzia mazungumzo na mkaguzi. Fundi akitunza nakala kwa kila chombo anachouza, chombo cha tano kitakuwa bora kuliko cha kwanza, maana ataweza kulinganisha kilichodumu na kilichovunjika.

Kwa abiria

Abiria hana nafasi ya kukagua mataruma, lakini anaweza kuona mambo machache kabla ya kupanda. Boti ya abiria iwe na namba ya usajili na idadi ya abiria inayoruhusiwa. Majaketi okozi yawe mengi kama watu waliomo, na yavaliwe. Jaketi lililofungiwa chini ya magunia halimsaidii aliyekwisha kuanguka. Majina ya abiria yaandikwe na orodha ibaki mwaloni. Petroli ikae mbali na moto na mbali na watoto. Nahodha aulizwe kama amepata utabiri wa siku hiyo kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ambayo hutoa tahadhari za upepo na mawimbi katika maziwa makuu. Kwenye guta la mizigo abiria hapaswi kupanda juu ya mzigo, hata kwa safari fupi ya kutoka sokoni hadi nyumbani.

Taarifa za boti inayozidisha abiria, au ya chombo cha barabarani kinachoonekana kuwa hatari, zinaweza kutolewa kwa ofisi ya TASAC Kigoma, kwa LATRA, kwa uongozi wa mwalo au kituo cha polisi kilicho karibu. Kwa dharura, namba ya Jeshi la Polisi ni 112, na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.